Bado Sijaandikwa

Wahariri wa jarida hili waliponiomba niandike machache kuhusu ajira kwa ajili ya wanachama wanaokaribia kuhitimu, nilishukuru kwa heshima hiyo, kisha nikajiuliza ni kwa nini walinichagua mimi. Katika chama hiki wamepita wengi ambao leo ni walimu wakuu, maafisa wa kaunti, watangazaji, na wahadhiri ambao majina yao yamebandikwa kwenye milango ya ofisi. Mimi nilihitimu mwaka 2014, shahada ya elimu, Kiswahili na Historia, na tangu siku hiyo hadi leo hakuna mwajiri aliyenipa barua ya ajira ya kudumu. Nimefanya kazi bila ya kukoma, lakini sijaajiriwa. Pengine hilo ndilo walilotaka nilizungumzie.

Watu wetu wana kitenzi kimoja chenye uzito mkubwa katika jambo hili: kuandikwa. Mtu akipata kazi ya kudumu husemwa kuwa ameandikwa. Ameandikwa na serikali, ameandikwa na kaunti, ameandikwa na kampuni. Akiipoteza, husemwa kuwa amefutwa. Wanaosoma semantiki watakubaliana nami kwamba vitenzi hivi viwili ni ndugu wa ubao mmoja, na kwamba chaki na kifutio vyote vimo mkononi mwa mtu mwingine. Mamangu mzazi, anayeishi Vihiga na ambaye hajapata kulisikia neno semantiki, huvitumia bila ya kukosea. Anajua kwamba karo ya mdogo wangu niliilipa mimi hadi akamaliza kidato cha nne. Anajua pia ni nani aliyeezeka upya jiko lake. Hata hivyo, kila nikimtembelea huniuliza kwa sauti ya chini, kama anayeuliza habari za ugonjwa: "Mwanangu, hawajakuandika bado?" Kwake yeye, kazi ni jina lililomo ndani ya daftari la mwajiri. Zilizobaki ni vibarua.

Na hapo pana kinaya ambacho mwanafunzi wa Kiswahili hapaswi kukipita hivi hivi. Kibarua ni udogo wa barua. Kamusi za kale za lugha yetu hueleza kwamba mfanyakazi wa kutwa alipewa kikaratasi cha kuthibitisha kuwa amefanya kazi ya siku hiyo, naye akakirejesha wakati wa kupokea malipo yake. Jina likahama kutoka kwenye karatasi likamkalia aliyeishika, kisha likaikalia kazi yenyewe. Ndiyo sababu leo tunasema kibarua amefika na kibarua kimeota nyasi, ngeli mbili kwa neno moja, bila ya kuona ajabu. Kumbe hata asiyeandikwa alikuwa ameandikwa, ila kwenye karatasi ndogo ya siku moja. Katika karne ya kumi na tisa, wengi walioshika vikaratasi hivyo Unguja na Mombasa walikuwa watumwa waliokodishwa na mabwana zao, wakagawana nao ujira. Hadhi ya utumwa ilipoondolewa kisheria, Unguja na Pemba mwaka 1897 na katika ukanda wa pwani ya Kenya mwaka 1907, wengi wa waliokuwa huru sasa walipendelea kazi ya kutwa kuliko kujifunga kwa mkataba mrefu katika mashamba ya waliokuwa mabwana zao. Kwa hiyo neno hili lilikuwa na nyuso mbili tangu zamani: wapo lililowanyonya, na wapo waliolikimbilia.

Mwalimu wangu wa Kiswahili katika shule ya upili alihitimu miaka ya themanini. Alipenda kutusimulia jinsi barua ya kumpangia shule ilivyomfikia nyumbani kabla hajajua aitafute wapi. Sisi tulimsikiliza kama watoto wasikilizavyo hadithi za Sungura. Serikali ilisitisha utaratibu wa kuwaajiri moja kwa moja walimu wanaohitimu mwaka 1998, na tangu hapo mwalimu husajiliwa, hupewa nambari, kisha husubiri. Wakati wa kusubiri huko, bodi za shule humwajiri kwa fedha za wazazi. Nami nilifundisha chini ya bodi kwa miaka miwili, shilingi 9,000 kwa mwezi. Shule ikifungwa kwa likizo, malipo nayo yalikwenda likizo. Nilisahihisha insha mia mbili kwa juma katika chumba kile kile cha walimu walioandikwa, nikakalia viti vile vile, na wanafunzi hawakutambua tofauti yoyote kati yetu. Tofauti ilionekana Agosti na Disemba.

Baadaye nilisoma shahada ya uzamili, na tangu mwaka 2019 nimekuwa mhadhiri wa muda. Aidha, nafasiri na kuhariri miswada ya wachapishaji na ya mashirika. Nitafungua daftari langu hapa, maana mambo ya fedha yakisemwa kwa mafumbo hayamfai yeyote. Kozi moja ya muhula ni saa 45 darasani. Nililipwa, au tuseme niliahidiwa, shilingi 1,200 kwa saa, yaani shilingi 54,000 kwa kozi. Rafiki yangu mmoja wa benki aliposikia shilingi 1,200 kwa saa alipiga mbinja. Lakini saa za kuandaa mihadhara hazikuhesabiwa, nazo hazikupungua 60. Saa za kusahihisha majaribio na mitihani ya wanafunzi 160 hazikuhesabiwa pia, nazo zilikuwa 45 na ushei. Gawanya sasa 54,000 kwa 150. Utapata shilingi 360. Toa nauli. Kisha zingatia kwamba fedha hizo zilikuja, zilipokuja, baada ya mwaka mmoja na miezi miwili, na shilingi 54,000 za mwaka kesho haziwezi kununua unga wa leo.

Kuna hesabu nyingine ambayo ilinichukua miaka kadhaa kuifahamu, na hii ndiyo ningependa msomaji aishike. Mwaka jana nilikaa nikahesabu siku ambazo kwa hakika nilifanya kazi yenye malipo. Zilikuwa kama 140. Siku zilizobaki nilikuwa nikitafuta kazi, nikiandika barua za kuomba kazi, nikidai malipo ya kazi iliyokwisha, nikiugua, au nikingojea simu. Kila siku ya malipo, basi, ilizibeba mgongoni siku mbili na nusu hivi. Mtu aliyeandikwa hulipwa pia kwa siku zake tupu: Jumapili, sikukuu, homa ya malaria, wiki ambayo hakuna shughuli ofisini. Sisi siku tupu ni zetu. Anayetafuta mfasiri au mhadhiri wa muda huwa, waama, ananunua siku zilizojaa peke yake na kutuachia makapi. Ndiyo maana bei ya kibarua ikilinganishwa tu na mshahara wa siku moja wa mwajiriwa, kibarua ameshapunjwa kabla ya kuanza.

Msomaji asidhani kwamba naomboleza. Kazi hii imenipa mambo ambayo nisingeyapata penginepo. Mamangu alipofanyiwa upasuaji mwaka 2021, nilikaa naye Vihiga majuma matatu bila ya kumwandikia mtu yeyote barua ya ruhusa, nikafasiri usiku kwa mwanga wa taa ya sola. Nimefasiri vijikaratasi vya chanjo, mwongozo wa ufugaji wa kuku, mkataba wa kukodisha trekta, na kanuni za chama cha akiba na mikopo. Kila moja ya hizo imenilazimisha kuwauliza mafundi, wauguzi na wakulima maneno wanayoyatumia wao wenyewe, na nina daftari tatu za istilahi ambazo hazimo katika kamusi yoyote. Nikiamka asubuhi nisitake kufundisha fonolojia muhula huu, nasema hapana. Yaani, naweza kusema hapana wakati mwingine. Juu ya huo "wakati mwingine" ndipo lilipo jambo lote.

Nikiwa mwanafunzi wa Historia nilisoma habari za makuli wa bandari ya Mombasa, ambao mwanahistoria Frederick Cooper aliwaandikia kitabu kizima mwaka 1987. Katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita, kazi ya kupakia na kupakua meli pale Kilindini ilikuwa kibarua cha kutwa. Mtu alikuja asubuhi, akachaguliwa au asichaguliwe, akalipwa jioni. Maafisa wa kikoloni walichukizwa na desturi hiyo. Waliona ni uvivu na ukosefu wa nidhamu, kwamba kuli akifanya kazi siku chache hurudi kwao na asionekane tena hadi atakapohitaji fedha. Lakini makuli wengi waliipenda. Ujira wa siku moja bandarini ulikuwa mzuri ukilinganishwa na wa kazi nyingine za mji, na nyuma ya mji, upande wa Kwale na Kilifi, walikuwa na mashamba, minazi na jamaa. Kuli aliyechoshwa na matusi ya nyapara aliweza kusema kesho siji, na kesho kweli asije, na watoto wake wasilale njaa.

Mwezi wa Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa waligoma, wa bandari, wa reli, wa hoteli na wa majumbani, mji ukasimama kwa karibu majuma mawili. Chama kilichotokana na mgomo huo kiliongozwa na Chege Kibachia, ambaye alikamatwa mwaka uo huo akapelekwa kuzuiliwa Baringo. Baada ya hapo serikali na makampuni waliona kwamba kibarua ni mtu wa hatari: huwezi kumtisha kwa kumfukuza mtu ambaye hujamwandika. Katika miaka ya hamsini wakawasajili makuli, wakawawekea idadi ya siku ambazo lazima wafike, wakawaondoa kwenye orodha wasiofika mara kwa mara, na hatimaye kazi ya bandari ikawa kwa kiasi kikubwa kazi ya mwezi. Waliobaki walipata mishahara bora kuliko ya awali. Walichokipoteza ni ile kesho siji.

Niliposoma habari hizo kwa ajili ya mtihani sikuziona kuwa na maana kubwa. Zilinirudia mwanzoni mwa mwaka 2023, nikiwa nimesimama chini ya mti katika chuo kimoja ambacho sitakitaja. Tulikuwa wahadhiri wa muda kumi na mmoja. Mimi nilikuwa nakidai chuo hicho malipo ya mihula mitatu, kozi mbili kila muhula, jumla shilingi 324,000. Kila nilipouliza niliambiwa fomu zangu za madai ziko kwa mhasibu. Kwa mhasibu niliambiwa zimerudishwa idarani kwa kuwa hazikutiwa sahihi. Idarani niliambiwa aliyepaswa kutia sahihi yuko likizoni. Na sasa barua za muhula mpya zilikuwa zimeletwa, tutie sahihi tuingie madarasani. Tukakubaliana kwamba hakuna atakayeingia hadi tulipwe angalau nusu.

Kabla ya juma kwisha, watano walikuwa wameingia. Wengi wetu waliwaita wasaliti. Mimi nilimwendea mmoja wao, mwenzangu wa Fasihi, mtu ninayemheshimu sana kwa usomi wake, nikamuuliza kilichomsibu. Alinijibu kwa upole: "Ndugu yangu, wewe ukigoma unakwenda kula kwako. Mimi nikigoma nitakula wapi? Kodi ya nyumba ya miezi minne sijailipa. Nikienda darasani, angalau mwenye nyumba ananiona nikitoka asubuhi na mkoba." Sikuwa na la kumjibu. Mke wangu ni mwalimu aliyeandikwa na Tume ya Huduma za Walimu. Mshahara wake huingia kila mwisho wa mwezi, nami na watoto tumo katika bima yake ya matibabu. Mimi niliweza kukaa nyumbani majuma matano nikisema hapana kwa sababu hati yake ya mshahara ndiyo iliyokuwa shamba langu la Kwale. Mwenzangu hakuwa na shamba. Kwa hiyo yeye na mimi, ingawa barua zetu za kazi zilifanana neno kwa neno, hatukuwa tukifanya kazi moja.

Chuo kilitulipa muhula mmoja baada ya majuma hayo matano. Wa pili kilinilipa mwaka 2024. Wa tatu nausubiri hadi leo. Kozi nilizozikataa alipewa kijana aliyekuwa ametoka kuhitimu uzamili, ambaye alifurahi sana, na sioni sababu ya kumnyima furaha hiyo.

Tafsiri nayo ina mitego yake, na mmoja wao unatuhusu sisi wanafunzi wa Kiswahili hasa. Wengi wa wateja hulipa kwa idadi ya maneno. Swali ni maneno ya lugha ipi. Kiswahili ni lugha ambishi bainishi. Sentensi ya Kiingereza yenye maneno matano huweza kutoka mikononi mwangu ikiwa neno moja tu: sitamwambia. Mteja anayehesabu maneno ya matini lengwa huwa ananilipa moja kwa kazi ya tano, na kadiri Kiswahili changu kinavyokuwa fasaha na cha mkato, ndivyo mfuko wangu unavyopungua. Nimewahi kuona tafsiri za watu waliolitambua jambo hili wakaamua kujilipa wenyewe: yeye hatakuwa na uwezo wa kuweza kumwambia. Walilipwa vizuri. Mimi hudai maneno yahesabiwe katika matini chanzi, na ninawashauri wanachama wafanye hivyo kabla ya kukubali ukurasa wa kwanza.

Mtego mwingine ni mpya zaidi. Siku hizi mteja huniletea matini ambayo mashine imekwisha kuifasiri, akaniomba niipige msasa tu, kwa theluthi ya bei. Mashine zimeendelea, sitalikana hilo. Upatanisho wa kisarufi ambao miaka michache iliyopita ulikuwa ukizitoa jasho sasa zinaumudu. Lakini katika kijikaratasi kimoja cha dawa nilikuta mgonjwa akiagizwa kumeza tembe saa nane asubuhi na saa nane usiku. Mashine ilikuwa imeihamisha saa ya Kizungu kama ilivyo, bila ya kujua kwamba sisi tunaihesabu siku tangu jua linapochomoza. Anayeambiwa saa nane usiku ataamka usiku wa manane kutafuta tembe ambayo angeimeza saa mbili. Kuligundua kosa hilo kulinitaka niisome kila sentensi ya chanzi na kila sentensi ya tafsiri, yaani kazi ile ile ya zamani. Theluthi ya bei haikuwa na theluthi ya kazi.

Serikali ilipoanzisha mwaka 2016 mpango wa kuwafunza vijana kazi za mtandaoni iliupa jina Ajira. Nililipenda jina hilo kwa sababu za kilugha tu. Ajira ni jamaa ya ujira, na jamaa ya mwajiri pia. Ila katika kazi hizo ujira upo, mara nyingine, na mwajiri hayupo kabisa. Kijana hufanya kazi ya mtu asiyemjua wala hajui yuko nchi gani, na siku akaunti yake ikifungwa hana ofisi ya kuiendea kuuliza. Angalau mimi namjua mhasibu wangu kwa sura.

Huenda msomaji akauliza: sheria je? Sheria ipo, na si mbaya. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humtambua kibarua kuwa ni mtu anayelipwa mwisho wa kila siku na ambaye haajiriwi kwa zaidi ya saa 24 kwa wakati mmoja. Kifungu cha 37 kinasema kwamba akifanya kazi siku mfululizo ambazo jumla yake haipungui mwezi mmoja, au akipewa kazi ambayo haiwezi kutarajiwa kumalizika kabla ya miezi mitatu, basi mkataba wake hugeuka kuwa wa mwezi, na hawezi tena kuondolewa bila ya ilani. Kifungu cha 9 kinataka mkataba wa miezi mitatu au zaidi uandikwe. Nao waajiri wengi wameisoma sheria hiyo kuliko sisi. Ndiyo maana utakuta mtu anayefanya kazi ile ile mahali pale pale kwa miaka sita kwa barua kumi na mbili tofauti. Isitoshe, sheria hiyo humlinda mwenye mwajiri. Mfasiri anayeuza huduma yake husimama nje ya ua. Ngao yake ni karatasi aliyotia sahihi, na kama hakuna karatasi, hana kitu. Kwa hiyo mimi sasa huomba barua kabla ya kuanza, hata kwa kazi ya kurasa tano: maneno yatahesabiwa katika lugha ipi, nusu ya malipo italipwa kabla ya kazi, nusu iliyobaki italipwa tarehe gani. Wachapishaji wawili wamekubali. Wa tatu alicheka, akaenda kwa mashine, na baada ya miezi miwili akarudi na kazi ya mashine.

Kuhusu matibabu nitasema machache, maana hayo ndiyo yanayomsumbua mwenzangu wa Fasihi zaidi ya kodi ya nyumba. Zamani, chini ya Hazina ya Kitaifa ya Bima ya Hospitali, asiyeandikwa alilipa shilingi 500 kila mwezi, na mwezi akikwama alijua anadaiwa nini. Utaratibu mpya ulioanza tarehe 1 Oktoba 2024 unatoza asilimia 2.75 ya mapato. Aliyeandikwa hukatwa kidogo kidogo kila mwezi hata asihisi. Asiye na mshahara hukadiriwa mapato ya nyumba yake, kisha hutakiwa alipe ya mwaka mzima kwa mara moja. Waliobuni utaratibu huo bila shaka walikuwa watu wa mishahara. Mtu ambaye fedha zake huja kama mvua ya kiangazi ndiye anayetakiwa kuwa na kisima.

Wala sisemi kwamba walioandikwa wamefika peponi. Shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, alikuwa mmoja wa walimu wanagenzi wa sekondari msingi. Alifundisha miaka miwili kwa posho isiyofikia nusu ya alicholipwa mwenzake wa dawati la pili. Aprili 2024 Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi iliamua kwamba Tume haikuwa na mamlaka ya kuwaajiri walimu kwa mtindo huo. Mwezi uliofuata wanagenzi waligoma, naye akiwemo. Na Januari 2025 walimu kama elfu 46 waliingizwa katika ajira ya kudumu. Siku alipoipata barua yake alimpigia simu mamangu kabla ya kunipigia mimi, na mama akapiga vigelegele vilivyosikika hadi kwa jirani. Kulikuwa na haki ya kushangilia.

Alipopata mishahara mitatu ya kwanza alichukua mkopo akanunua kiwanja. Kisha mwingine, wa kuchimba msingi wa nyumba. Mikopo hiyo mimi siwezi kuipata, wala siwezi kumdhamini mtu kuichukua, kwa kuwa kila benki huanza kwa kuuliza hati ya mshahara. Sheria inasema makato ya mfanyakazi yasizidi theluthi mbili za mshahara wake. Shemeji ameukaribia mpaka huo. Mwezi wa Agosti alikuja nyumbani jioni, akanywa chai, akazungumza habari za mpira kwa muda mrefu, kisha akaniuliza: "Shemeji, ile kazi yako ya kutafsiri, mtu huanzaje?"

Sasa huja Jumanne na Alhamisi, shule ikishafungwa, na kipakatalishi alichoazimwa. Nimemkabidhi sehemu ya mwongozo wa ufugaji wa nyuki. Kiswahili chake ni kizuri ingawa alisomea Hisabati na Kemia, na ni mwepesi wa kuuliza maneno asiyoyajua. Juma lililopita alimfuata mrina asali sokoni kumuuliza nta hutenganishwa vipi na masega. Tumekwisha kumwandikia mteja barua, maneno yahesabiwe katika matini chanzi, nusu kabla. Tunasubiri jibu.